Maji Uliyochota Kagerankanda

Kibondo, Jumapili mchana

Yustina mwanangu,

Sikuulizi hali, maana uko upande wa pili wa ukuta huu na nasikia unavyokaza kamba ya sanduku, unailegeza, unaikaza tena. Bibi yako yuko nawe. Anakwambia usiazime kitana wala usimwazime mtu chako, usivae nguo mbichi, na usicheke mbele ya mwalimu mkuu hata kama amechekesha. Mambo ya namna hiyo ameyamaliza yeye. Mimi sitayaandika.

Naandika juu ya maji. Maji uliyochota Kagerankanda ulipokuwa na miaka sita, wiki aliyokufa mdogo wako Longino. Miaka saba sasa, na hatujawahi kuyazungumza. Huko Tabora utasoma bayolojia. Siku moja mwalimu atafungua somo la vijidudu na kuandika ubaoni kwamba maji machafu huua watoto. Darasa zima litanakili. Wewe utainamisha kichwa, nakujua, na utalisoma somo lile kama mtu anayesomewa hukumu. Nataka barua hii itangulie.

Nilikuwa nimekwisha kuahirisha tena. Nilijiambia nitaandika ukishazoea shule. Lakini asubuhi hii, tulipotoka kanisani, bibi yako alifungua kifurushi alichokuja nacho, akatoa kile kitambaa cheupe, akakupa. Alisema, "Huko Tabora usimwamini mtu. Uyachuje mwenyewe." Ukakipokea kwa mikono miwili, ukapiga goti, ukasema asante bibi. Uso wako haukubadilika hata kidogo. Nilitambua uso huo. Ni wangu.

Basi nianze na Jumapili ile nyingine.

Nilikuwa nimemaliza kozi ya maabara na kupangiwa kazi hapa hospitalini. Nyumba sikuwa nimepata. Nililala chumba kimoja na wauguzi wawili, na ninyi mlikaa kwa bibi yenu. Baba yenu alikuwa Urambo kwenye mashamba ya tumbaku. Kila nilipopata lori la Kasulu nilikuja kuwaona, na kipande cha mwisho nilitembea kwa miguu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilijiona nimefika mbali. Kozini walikuwa wametuwekea tone la maji ya mtaro chini ya darubini, na tangu siku hiyo sikuweza tena kutazama maji nikaona maji.

Nilipofika niliwakuta mnakunywa moja kwa moja kutoka kwenye mtungi. Nikamwambia bibi yako asiwape maji vile. Kiswahili chake kilikuwa kidogo siku zile, kwa hiyo nilisema kwa Kiha. Kwenye kitabu changu neno lilikuwa vijidudu. Kwa Kiha sikuwa na neno. Nikachukua lililokuwa karibu: udukoko. Nilisema maji yana udukoko.

Sasa, udukoko kila Muha anaujua. Ndio unaotoboa maharage. Ndio unaoanguka kwenye maziwa, ukauokota kwa ncha ya kidole na kuutupa, kisha ukanywa maziwa yako.

Bibi yako akachota kata moja, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga. "Udukoko? Kwenye maji yangu? Mke wa mwanangu, macho haya bado yanatunga uzi kwenye sindano. Nionyeshe ulipo niutoe nje."

"Ni mdogo sana, mama. Hauonekani."

"Usioonekana wewe umeuonaje?"

"Kwa kioo."

"Kioo kipi, hiki cha kuchania nywele?"

Shangazi yako Domitila alikuwepo, anamenya ndizi. Alicheka mpaka kisu kikamtoka mkononi. "Mama, muache," alisema. "Serikali imemlipia asomee maji. Unataka arudi aseme maji ni maji tu?"

Nami nilicheka, kwa adabu. Nikasema myachemshe. Bibi yako akauliza kuni za kuchemshia maji na kuni za kupikia atazikata nani, mimi au huyo udukoko. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kupuuza neno la mgeni, akaleta kitambaa cheupe, kile cha kufunikia kikapu siku za sikukuu. Alikisuuza. Akakuita wewe ushike pembe mbili, yeye akashika mbili, na Domitila akamimina. Maji yakapita. Bibi yako akakikunjua mbele ya uso wangu.

"Njoo, msomi. Tazama. Hata kamoja."

Kilikuwa cheupe kabisa, kimelowa, hakina hata jani. Nilikitazama. Nilijua kwamba ninachokisema kingeweza kupita hapo elfu kwa elfu bila kugusa uzi. Nilijua hilo kama ninavyojua jina langu. Lakini lori lilikuwa linaondoka Kasulu jioni, nilikuwa nimechelewa, na kumkosoa mama mkwe mara ya pili siku moja, mbele ya binti yake, hakufanyiki. Na nilichoka kuchekwa. Hilo la mwisho ndilo zito kuliko mengine, nimelipima miaka yote hii.

Nikasema, "Sawa, mama."

Ulikuwa bado umeshika pembe zako mbili. Ulinitazama, nikakutikisia kichwa. Kwa hiyo na wewe ulijua ni sawa. Kuanzia siku ile ulichota, mkachuja, mkanywa.

Alhamisi mtu alikuja hospitalini kwa baiskeli. Nilifika Ijumaa wakati wanachimba. Sikulia. Watu walinipisha nipite na walingoja, na mimi nikawauliza choo cha mtoto kilikuwaje, siku ngapi, kina damu au hakina, kama ninavyouliza dirishani pale kazini. Wakanijibu. Majimaji, siku mbili, halafu macho yakaingia ndani. Nikasema, kwa sauti ile ile ya dirishani, "Ni maji."

Nimelirudia neno hilo mara nyingi. Kazini ukisema ni maji, umejibu swali: nini kimemwua. Kagerankanda siku ile hakuna aliyeuliza nini. Kifo cha mtoto kwetu kinaulizwa nani. Mimi nilitoa jibu la swali langu, wao wakaliweka kwenye swali lao.

Domitila akauliza, "Maji nani alichota?"

Ulikuwa umesimama karibu na mlango, kibuyu chako kidogo mkononi. Ukasema, "Mimi." Ulilisema kama mtoto aliyeitwa jina darasani.

Hakuna aliyekupiga. Domitila alisema "Haya," akageuka. Bibi yako alitazama chini. Wewe ukanitazama mimi, kama ulivyonitazama siku ya kitambaa.

Nilikuwa na maneno mawili ya kuchagua. La kwanza ni kwamba kitambaa hakikutosha, na hapo ningekuwa nimemwambia bibi yako kando ya kaburi la mjukuu wake kwamba ni kazi ya mikono yake. La pili ni kwamba nilijua hakitoshi na nikasema sawa. Nilinyamaza. Ilikuwa rahisi kuliko yote, na wewe ulikuwa mdogo kuliko wote.

Hilo ndilo kosa. Mengine yote yanayofuata yametoka hapo.

Baba yako aliporudi kutoka Urambo aliambiwa ni maji aliyochota Yustina. Aliambiwa hivyo hivyo, kwa sentensi moja, na hakuuliza zaidi. Ni mtu mzuri. Hajawahi kukuonea. Lakini kabla ya Urambo alikuwa akipita nyuma yako anaweka kiganja kichwani mwako, bila sababu, na sijaona tena akifanya hivyo. Ukimpelekea maji ya kunywa hukwambia weka hapo. Nadhani hajui kama anafanya hivyo. Mimi najua, na nimekaa nikitazama.

Nilipopata nyumba nikakuchukua. Miezi haikupita mingi ukaanza kuchemsha maji. Hakuna aliyekutuma. Ulikuwa na miaka saba, unasimama juu ya tofali kufikia sufuria, na unangoja mpaka yatokote sawasawa, kisha unangoja tena. Wauguzi wakipita walisema, "Huyu kweli mtoto wa maabara," na mimi niliipokea sifa hiyo. Nilisema ndiyo, anapenda usafi.

Kwetu anayempa mgeni pombe huonja kwanza mbele yake. Wewe ulifanya hivyo kwa maji. Ulikunywa funda moja, ukasimama na kikombe, ukasubiri. Wageni walidhani ni adabu na wakakusifu. Lakini ulisubiri muda mrefu kuliko adabu inavyotaka. Ulikuwa unangoja uone kama utakufa wewe kwanza.

Sasa nikuandikie lile somo, kabla mwalimu hajaliandika. Nitakwambia nilichokiona mimi.

Siku niliyokuja kukuchukua nilijaza chupa ya dawa kutoka kwenye mtungi ule ule wa bibi yako, maji ya kisima kile kile. Nilirudi nayo hapa, nikafunga mlango wa maabara, nikaweka tone chini ya kioo. Nilikuwa namtafuta aliyemwua. Hivyo ndivyo nilivyosema moyoni: aliyemwua. Kumbe nami nilikuwa nauliza nani.

Cha kwanza kilikuwa mwani, nyuzi za kijani na vidonge vya kijani. Huo hujipikia chakula kwa jua kama mhindi shambani, hauna haja na mtu. Kati yake walipita protozoa. Kila mmoja ni chembe moja tu, na chembe hiyo hiyo inakula, inatembea, inajigawa. Wengine wana vinywele pembeni na wanazunguka kama waliochelewa mahali. Katika kundi hilo wamo wa malaria, wamo amiba, na wamo wale wa malale ninaowatafuta kila siku kwenye damu za watu wa hapa. Niliowaona kwenye tone lile hawakuwa hao. Walikuwa wa maji tu. Pembeni kulikuwa na uzi wa kuvu. Ukungu wa mkate ni kuvu. Hamira inayoumua maandazi ni kuvu, na pombe ya ndizi ya babu zako isingekuwa pombe bila ndugu zake.

Nilipobadilisha lenzi nikaona bakteria. Wengine vijiti, wengine vidoti, wadogo sana hata ukiwa nao mbele ya jicho unakuwa na wasiwasi kama wapo. Hapa ndipo nilipokwama. Kijiti kinachoishi utumboni mwa kila mtu bila kumdhuru na kijiti kinachomkausha mtoto kwa siku mbili vinafanana kwa sura. Hata rangi tunazopaka hazitoshi kuvitenganisha. Lazima uvioteshe, uvilishe, usubiri uone vinafanya nini, na mimi sikuwa na vifaa hivyo. Na hata ningekuwa navyo, kuna virusi, ambavyo darubini yangu haivionyeshi kabisa. Surua ni kazi yao, na ndui ilikuwa kazi yao. Siku hizi wanaandika kwamba hata kuhara kwa watoto wachanga kunaweza kutoka huko.

Nilitazama mpaka jicho likatoa maji, na hayo hayakuwa machozi. Sikumpata. Nisingemtambua kama ningempata.

Kuna jambo lingine, nalo sijawahi kumwambia mtu. Jumapili ile ya kitambaa nilimlisha Longino. Alikuwa amekaa mapajani mwangu, nikamega ugali, nikachovya, nikamtia mdomoni kwa vidole vyangu. Jumamosi iliyotangulia nilikuwa nimeshinda na vikopo vya choo vya wagonjwa mikononi. Nilinawa. Nadhani nilinawa. Nilinawa kazini, hilo nina hakika. Sikumbuki kama nilinawa tena Kagerankanda, baada ya lori na njia.

Kwa hiyo mimi niliyesema "Ni maji" sijui kama ni maji. Yanaweza kuwa maji. Huenda ni mkono wangu, au inzi, au uji uliolala. Sijui na sitajua. Hiyo ndiyo elimu yangu yote juu ya kifo cha mwanangu, na nilipaswa kukuambia sijui tangu siku ya kwanza. Nilikuacha ukue na neno la uhakika ambalo mimi mwenyewe sikuwa nalo.

Ulipokuwa na miaka kumi nilikuleta maabara uone malale. Unakumbuka. Damu mbichi ya mzee mmoja, chembe nyekundu zimetulia, halafu zinasukumwa pembeni na kitu kama uzi kinachopiga mkia. Ulitazama muda mrefu. Bila kuinua kichwa ukauliza, "Alikuwa huyu?"

Sikukuuliza unamsema nani. Nilijua. Nikasema, "Hapana, huyu analetwa na mbung'o." Nikaendelea na mbung'o: anaishi wapi, anauma saa ngapi, kwa nini watu walihamishwa porini zamani. Ulikuwa umeniuliza habari za ndugu yako, nami nikakufundisha habari za nzi. Ulisikiliza mpaka mwisho, kisha ukasema asante mama.

Watu huniuliza kama bado nina uchungu. Sijui niandike nini chini ya neno hilo. Ni kama mkono ulioulalia: unauona ni wako, unaugusa, hausikii kitu, na unajua ukianza kusikia itakuwa sindano tupu. Nimeishi na mkono huo. Hata sasa ninavyoandika siusikii. Nakwambia ili usidhani barua hii imeandikwa na mtu anayelia. Ningependa iwe hivyo. Lakini nisingoje mpaka nianze kulia ndipo niseme kweli, maana wewe unaondoka kesho.

Sitaki umchukie bibi yako. Alifanya alichoambiwa na mtu aliyekwenda shule, na alikifanya kwa kitambaa chake kizuri kuliko vyote. Kitambaa hicho nenda nacho. Funikia vitabu. Na Domitila aliuliza swali ambalo kila mtu pale alikuwa nalo. Hata baba yako sitaki umwone vibaya. Alipewa sentensi moja, nayo ilitoka kwangu.

Mtoto wa miaka sita alitumwa kisimani, akaenda, akarudi na kibuyu kimejaa, hakumwaga njiani. Ndilo ulilolifanya wewe. Hakuna kingine.

Kesho utaamka mapema kuwasha jiko kama siku zote. Utakuta maji yamekwisha kuchemshwa, yamepoa, yapo kwenye birika. Bibi yako na baba yako watakuwa wanakunywa chai kabla ya basi. Utauliza nani amechemsha, kwa kuwa katika nyumba hii miaka sita hakuna mwingine aliyechemsha. Nitasema mimi. Kisha nitasema na lile lingine, kwa Kiha, polepole, nikianza na neno udukoko, ili bibi yako aelewe lilikuwa kosa langu la kusema kabla halijawa kosa lake la kuchuja. Nimeamua hivyo. Nimekwisha kuamua hivyo mara nyingine pia, siku ya kipaimara chako, na siku majibu ya darasa la saba yalipotoka, na nikanyamaza.

Ndiyo maana barua hii naiweka juu kabisa ndani ya sanduku, na nitakwambia uifungue mkishapita Kasulu. Ukifika hapa utakuwa unajua kama nilisema au sikusema. Kama nilisema, ichane, au itunze, shauri lako.

Kama nilinyamaza tena, baba yako anakusindikiza mpaka Kigoma kwenye treni. Amekaa hapo kando yako. Mpe asome.

Mama yako,
Konsolata